Tanga hadi Ushongo kwa Gari la Kukodi: Siku Moja ya Wawili kwa Saa ya Maji

Kabla hujampigia mtu wa gari, tazama mwezi. Wengi hupanga safari ya Pangani kwa kuangalia siku ya mapumziko na bei ya gari basi. Wakifika ufukweni wanakuta bahari imerudi nyuma huko, wameachiwa matope, majani ya baharini na ngalawa zilizolala ubavu. Wanapiga picha mbili, wanakula chipsi, wanarudi mjini wakisema kule hakuna pa kuogelea. Pa kuogelea papo, ila wamefika saa ambayo bahari haipo nyumbani.

Mwongozo huu ni wa watu wawili, wachumba au mke na mume, wanaotoka Tanga mjini asubuhi, wakapitia Tongoni, Kigombe na Pangani, wakavuka Mto Pangani hadi ufukwe wa Ushongo, na usiku wakalala Tanga. Kwenda na kurudi pamoja na kuchepuka hapa na pale hakufiki kilomita 160. Si mbali hata kidogo, ndiyo maana watu huidharau safari yenyewe na kuijaza vituo mpaka inakuwa mbio za mwenge. Anayetoka Dar es Salaam asijidanganye kwamba atakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Afike Tanga jana yake, alale, aamke na nguvu.

Hatua ya kwanza: chagueni siku kwa mwezi

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Shikeni jambo moja tu kichwani: mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa karibu na saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Hayo ndiyo maji ya bamvua, yanajaa sana na kupwa sana, na kati ya juu na chini pana mita tatu na zaidi. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka. Maji hujaa saa nne na kupwa saa kumi, tena kwa uvivu. Wavuvi huyaita maji mafu.

Kwa safari hii chagueni bamvua, yaani siku ya kwanza hadi ya tatu tangu mwezi kuandama, au siku ya 14 hadi ya 16. Faida yake ni mbili kwa siku moja. Saa nne asubuhi mtakuwa Kigombe bahari ikiwa imekauka, mtembee juu ya mwamba kwa miguu. Saa tisa alasiri mtakuwa Ushongo maji yamepanda mpaka karibu na minazi, muogelee bila kuyafuata. Siku za maji mafu geuzeni ratiba yote: nendeni moja kwa moja Ushongo mapema, muogee asubuhi, kisha vituo vingine mvifanye mkiwa mnarudi. Simu zina majedwali ya maji siku hizi, lakini mvuvi yeyote wa Sahare au Deep Sea atakujibu kabla simu haijafunguka.

Majira nayo yana neno lake. Masika, Machi hadi Mei, iacheni. Njia ya vumbi upande wa pili wa mto huwa tope linalonata. Kusi ikivuma katikati ya mwaka hewa ni nzuri ila mchana bahari huchafuka. Kaskazi, Desemba hadi Februari, ni joto na maji meupe. Mwezi wa Ramadhani pwani hii yote mchana haipikwi hadharani, kwa hiyo kama hamfungi, bebeni chakula chenu na mle mahali pa faragha. Ijumaa si mbaya, ila mkifika Pangani kati ya saa sita na saa nane msishangae kukuta maduka yamefungwa milango.

Hatua ya pili: gari, na maneno ya kuelewana kabla ya funguo

Tanga magari mengi ya kukodi ni ya watu binafsi, na mara nyingi utaunganishwa na dalali au na mtu wa hoteli unayolala. Hakuna ubaya, ila muone mwenye gari mwenyewe au mkataba wenye jina lake, pamoja na nakala ya kadi ya gari. Majina ya kwenye karatasi hizo mbili yafanane.

Aina ya gari inategemea mnafika wapi. Toyota IST au Passo itawafikisha Pangani bila wasiwasi na kuwarudisha na mafuta ya kubaki. Mkitaka kuvuka hadi Ushongo, hasa kama mvua ilinyesha juzi, tafuteni gari lililonyanyuka kidogo, RAV4 kwa mfano. Msikodi gari kubwa kwa ajili ya picha. Mtalipia mafuta ya picha hizo.

Sasa bima, na hapa msione haya kuuliza. Namba ya gari ikiwa ya njano, gari hilo limesajiliwa kwa matumizi binafsi. Nyeupe ndiyo ya biashara. Bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi inaweza kukataa kulipa ikijulikana gari lilikuwa limekodishwa. Muulize mwenye gari waziwazi: ni bima kubwa au ndogo, na inaruhusu kukodisha? Akianza kusema "hilo msijali", lijali. Anayeendesha awe na leseni hai yenye daraja D, na kama mtapokezana usukani, majina yenu yote mawili yaandikwe kwenye mkataba.

Kagueni gari mchana, si usiku chini ya taa ya baa. Zungukeni nalo huku mmoja anarekodi video kwa simu: bampa zote mbili, milango, vioo, rimu, kioo cha mbele, kisha dashibodi inayoonyesha kilomita na mafuta. Hiyo video mtumieni mwenye gari hapo hapo kwa WhatsApp, ili muda wa kutumwa uwe ushahidi. Fungueni buti muone tairi la spea kwa macho na kulibonyeza, jeki, wili spana, reflekta za pembetatu na mtungi wa zimamoto ambao haujapitwa na tarehe. Trafiki akiwasimamisha, hivyo viwili vya mwisho ndivyo anavyopenda kuviuliza.

Jambo moja linalosahaulika: angalieni deni la faini la gari hilo kwa namba yake kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni, kabla hamjaondoka, na mhifadhi picha ya kioo cha simu. Faini ya kosa la barabarani ni shilingi 30,000, na ikiandikwa inalifuata gari. Bila picha ile, faini ya mpangaji wa wiki iliyopita inaweza kuwa yenu.

Kuhusu mafuta, kubalianeni gari lirudi na kiwango kile kile mlicholikuta. Bei ya juu ya petroli hutangazwa na EWURA, mamlaka ya huduma za nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Tanga ina bei yake kwa kuwa mafuta hushushwa bandarini hapo hapo. Jazeni mjini.

Hatua ya tatu: gawaneni kazi

Anayeendesha aendeshe. Mwingine ashike simu, maji ya kunywa, chenji na mdomo wa kuulizia njia. Fedha ya safari iwekeni pamoja mahali pamoja, sehemu kwenye simu na sehemu taslimu za noti ndogo, maana mwenye madafu hana chenji ya elfu kumi saa tatu asubuhi.

Nyumbani kwetu tuna sheria nyingine, nayo imeokoa siku nyingi: kila mmoja anachagua kituo kimoja ambacho mwenzake haruhusiwi kukihoji wala kukiharakisha. Baba Salma huchagua magofu, anaweza kusimama mbele ya kaburi la miaka mia sita kama anasubiri liseme. Mimi huchagua soko la samaki. Vituo vilivyobaki ni vya kujadiliana.

Mavazi: nguo ya kuogea ni ya ufukweni tu. Kanga mbili na shati la mikono vinatosha kuwapitisha kila mahali. Kushikana mikono hakuna atakayewauliza. Mambo mengine yawekeni akiba.

Hatua ya nne: saa moja asubuhi, Barabara ya Pangani

Kunyweni chai mjini kabla ya kutoka. Ngamiani mapema kuna mahamri na mbaazi za nazi, na vitumbua vinavyotoka jikoni muda huo huo. Msishibe mno, kuna siku nzima mbele.

Amboni iacheni. Najua kila mtu atawaambia "mmefika Tanga hamjaona mapango?" Mapango yako upande wa kaskazini, njia ya Horohoro, na nyie mnakwenda kusini. Yatengeeni asubuhi yake.

Mkitoka mjini kushika Barabara ya Pangani, mwendo wa vijijini ni kilomita 50 kwa saa, na hili si la kukariri kwa ajili ya mtihani. Matuta yapo, watoto wa shule wapo, bodaboda zinaingia barabarani bila kuangalia, na tochi ya trafiki hukaa mahali ambapo barabara imenyooka na kukushawishi. Mkipita Machui punguzeni mwendo kwa sababu nyingine: hapo ndipo nyumbani kwa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kuzikwa huku huku mwaka 1962. Aliyesoma Kiswahili shuleni atataka kushuka. Ulizeni wenyeji kaburi lilipo, kwa salamu na adabu, si kwa kupiga honi.

Hatua ya tano: Tongoni, saa mbili

Kilomita 17 hadi 20 kutoka mjini, upande wa kushoto kuelekea baharini, yapo magofu ya Tongoni. Lipeni kiingilio, mchukueni mwongozaji wa hapo kama yupo, na mpeni muda wake.

Kuna msikiti wa kale usio na paa na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengi yakiwa ya nguzo. Pwani ya Afrika Mashariki makaburi ya nguzo hayajakusanyika mahali pamoja kama hapa. Nguzo nyingi zimeanguka, na zilizolala chini ndizo rahisi kuzisoma: inameni mtazame vishimo vya duara vilivyochongwa ubavuni. Humo zilipachikwa bakuli za kauri kutoka China na nchi za Uajemi, kuonyesha kwamba aliyelala hapo alikuwa mtu wa biashara na bahari. Bakuli zenyewe zimeng'olewa zamani. Kinachobaki ni alama ya kitako cha bakuli kwenye chokaa, na ukiweka kidole unaisikia duara yake. Kidole kimoja kinatosha. Msikalie wala kupanda kaburi kwa ajili ya picha. Ni makaburi, na wapo wanaokuja kuomba dua hapo mpaka leo.

Mji huu ulistawi karne ya 14 na 15, ukijulikana kwa jina la Mtangata. Meli moja ya msafara wa Mreno Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya maeneo haya mwaka 1498. Mwaka uliofuata, wakirudi kutoka India, mabaharia wake walikuwa wamekufa wengi kiasi kwamba hawakutosha kuendesha meli zote, wakaichoma moto hiyo hiyo São Rafael. Nyuma ya makaburi ni mikoko na bahari, na mbu wake hawana likizo. Pakeni dawa kabla hamjashuka garini.

Kama Tongoni ndicho kituo kisichohojiwa cha mwenzako, wewe tafuta kivuli cha mbuyu ukae. Saa tatu muwe barabarani.

Hatua ya sita: Kigombe, bahari ikiwa imekauka

Kati ya Tongoni na Kigombe mnaingia kwenye mkonge. Mistari yake imenyooka mpaka mwisho wa macho, na karibu na kiwanda mtaona katani imeanikwa kwenye nyaya, nyeupe, ikinuka uchachu wa majani yaliyosagwa. Fungeni vioo au vumilieni.

Kigombe ni kijiji cha wavuvi, na kwenye bamvua saa nne asubuhi ndiyo saa yake nzuri. Egesheni gari juu, kwenye ardhi ngumu, kamwe si kwenye mchanga wenye alama ya maji. Maji yatakaporudi hayatawauliza gari ni la nani. Vaeni viatu, ndala zilizofungwa au raba za zamani, mtembee juu ya mwamba uliokauka. Miguuni mtakuta vidimbwi vyenye samaki wadogo na vile vidudu vya miiba myeusi mirefu. Mwiba wake ukiingia huvunjikia ndani. Mtakutana pia na kina mama wenye vijiti vya chuma wakitafuta pweza. Wasalimieni kwanza. Mkitaka kuona anavyoonekana pweza akiwa shimoni, ombeni waonyeshe, na mkionyeshwa nunueni. Yule mama hatazami pweza, hutazama kombe na magamba yaliyotupwa mlangoni pa shimo. Pweza akila hutupa taka zake nje, na taka hizo ndizo zinazomponza.

Maji yakianza kurudi mtayasikia kabla ya kuyaona. Geukeni hapo hapo, kwa kuwa yanajaza kwanza mifereji iliyo nyuma yenu.

Kwenye mnada wa samaki simameni pembeni mkasikilize bei zinavyopanda kabla ya kusema neno. Anayenunua samaki mmoja hashindani na mwenye ndoo. Subirini mnada upite, kisha muombeni mchuuzi awauzie mmoja mmoja. Changu, tasi, kolekole, nguru kama siku ni njema. Fungua shavu: likiwa jekundu la damu, chukua, likiwa la kahawia, shukuru na uondoke. Jicho liwe limevimba na kung'aa. Mkitaka kurudi nao Tanga, mtoke nyumbani na deli lenye barafu na mfuniko unaofunga. Maji ya samaki yakimwagika kwenye zulia la gari la watu, hakuna sabuni ya kuyatoa, na dhamana yenu itanuka pamoja nayo. Mimi siku hizi nanunua mkiani mwa safari, wakati wa kurudi, japo uchaguzi jioni ni mdogo.

Hatua ya saba: Pangani mjini, saa tano na nusu

Pangani iko kilomita 50 hivi kutoka Tanga. Kabla ya kushuka kutembea, agizeni chakula. Hii ndiyo siri ya mji huu: mkikaa kwanza na kuagiza baadaye, samaki wa kupaka atafika mkiwa mmeshagombana. Ingieni mahali mtakapopapenda, ulizeni kilichopo, semeni "tunarudi baada ya saa moja", mlipe kidogo, kisha mkatembee. Wali wa nazi na samaki wa kupaka upo. Bada, ugali wa muhogo wa kina sisi wa Tanga, ulizieni kwenye migahawa midogo ya wenyeji, si kwenye viti vya plastiki vinavyotazama mto.

Kwa saa hiyo moja pitieni Boma la zamani, milango yake ya kuchonga, na mtaa wa maduka ya Wahindi wenye vibaraza na roshani za mbao zilizoanza kuegemeana. Kisha shukeni mtoni. Mto huu umetoka Kilimanjaro na Meru, umekuja karibu kilomita 500, na hapa rangi yake ya udongo inakatana na buluu ya bahari kwa mstari unaoonekana wazi. Msiogelee hapo hata kwa dakika. Mkondo wa mlangoni ni mkali, na mto wenyewe una mamba.

Mji huu mdogo ulitikisa himaya. Mwaka 1888 wakala wa kampuni ya Kijerumani, Emil von Zelewski, alijaribu hapa kupandisha bendera ya kampuni yake na kuamrisha watu, na pwani ikawaka. Abushiri bin Salim aliongoza mapambano mpaka alipokamatwa na kunyongwa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski naye aliishia Lugalo, Iringa, mwaka 1891, mbele ya mikuki ya Wahehe. Hayo hamtayakuta yote yameandikwa ukutani, kwa hiyo mtafuteni mzee, mumwamkie shikamoo, mkae.

Hatua ya nane: kuvuka au kutovuka

Hapa ndipo siku inapoamuliwa. Kivuko kinapita kati ya Pangani na Bweni, dakika chache tu juu ya maji, lakini kusubiri ndiko kunakokula muda. Nendeni mkaulize mambo matatu kwa watu wa kivuko, si kwa wapita njia: kinaondoka saa ngapi, cha mwisho kurudi ni saa ngapi, na je, leo kuna hitilafu yoyote? Jibu la swali la pili liandikeni. Juu ya mto huu linajengwa pia daraja la mita 525, sehemu ya barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo. Ulizeni kama magari yameshaanza kulipita, na kama ndiyo, rukeni aya inayofuata.

Wakati wa kupanda, mwenza ashuke apande kwa miguu, dereva abaki peke yake na vioo vikiwa chini. Maji yakiwa yamepwa, njia ya kushukia huwa na mteremko mkali, hivyo gari la chini lipande taratibu na kwa kukingama kidogo, la sivyo bampa itabusu chuma. Ndani ya kivuko vuta hendibreki, zima injini, acha gia kwenye P. Yaliyobaki fuateni mkono wa mhudumu.

Kama foleni ni ndefu, au ni baada ya saa nane na nusu, msivuke. Mkoma, kaskazini kidogo mwa mji, ina ufukwe mzuri wa kutosha kwa alasiri moja, na hoteli zake hukaribisha wageni wa kutwa kwa kununua chakula au vinywaji. Sioni hasara. Ila kama gari linafaa na muda upo, vukeni.

Kutoka Bweni hadi Ushongo ni kilomita 16 hivi, mkipitia Mwera, na sehemu ya njia ni vumbi. Dereva apunguze mwendo kwenye mchanga, asifunge breki ghafla. Njiani ulizeni Kikogwe iko upande gani: ndiko mkonge wa nchi hii ulikoanzia, mwaka 1893, kwa miche 62 iliyonusurika katika elfu moja ambayo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliiagiza kutoka Florida. Ile mistari yote mliyoipita asubuhi ni wajukuu zake.

Hatua ya tisa: Ushongo, maji yakiwa juu

Mkifika saa nane na nusu siku ya bamvua, bahari inawafuata yenyewe. Mchanga ni mpana, minazi imeinama, na watu ni wachache. Egesheni hotelini au kwa mwenyeji, muache kitu kidogo kwa mlinzi, msiache begi kwenye kiti.

Mkiingia majini buruteni miguu badala ya kunyanyua hatua. Samaki aitwaye taa hujilaza chini ya mchanga na akisikia mburuto huondoka mwenyewe. Ogeleeni kwa zamu kama mna simu na funguo za kulinda. Funguo za gari la kukodi haziingii baharini hata ndani ya mfuko usiopenya maji, kwa kuwa ile chipu ya ndani ikifa, gari haliwaki, na Ushongo hakuna fundi wake.

Mtaambiwa habari za Maziwe, kisiwa cha mchanga kilicho mbele yenu baharini, nacho ni hifadhi ya bahari. Ni pazuri kweli, ila si pa siku hii. Kisiwa hicho huonekana maji yakipwa na bamvua likijaa hufunikwa, kwa hiyo safari yake ni ya asubuhi, kwa boti, pamoja na ada ya hifadhi. Anayekitaka alale Ushongo.

Saa kumi kamili muwe mmevaa, mmekung'uta mchanga na mmewasha gari. Najua ndio wakati bahari imependeza kuliko saa zote. Wekeni kengele ya simu, na aliyeiweka asilaumiwe ikilia.

Hatua ya kumi: kurudi, na kurudisha

Jua la huku huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo. Lengo ni kufika Tanga kabla ya giza, maana baada ya hapo barabara ni ya baiskeli zisizo na taa, ng'ombe, na bodaboda zenye taa moja kali. Kama Kigombe mna samaki wenu wa kuchukua, dakika kumi, si zaidi. Aliyeogelea sana asiendeshe. Usingizi wa bahari ni mzito, na ndiyo sababu majina yote mawili yako kwenye mkataba.

Mjini jazeni mafuta hadi kiwango kile cha video. Pitieni sehemu ya kuosha magari, mwambieni kijana apige maji ya kutosha chini ya gari na kwenye matairi ili chumvi itoke, na atoe mazulia ayakung'ute mchanga. Angalieni tena deni la faini kwa namba ya gari mkiwa mmekaa hapo. Kisha mrudishieni mwenye gari gari lake mkiwa wawili, zungukeni naye huku video ya asubuhi ikiwa wazi kwenye simu, na msitoe funguo mkononi mpaka ujumbe wa dhamana yenu uingie.